Renda inafia njiani usiku? Tafuta kwanza nani anailaza mashine

Hii ni ya sisi tunaoediti video za harusi na sendoff, tunaoacha mashine inarenda, yaani inatengeneza video ya mwisho, halafu tunaenda kulala. Juzi dogo mmoja kaniletea laptopu yake, kila akiamka anakuta renda imeishia katikati na mashine imelala fofofo. Kuna mtu alimshauri afungulie YouTube icheze usiku kucha ili mashine isilale. Jamani hapana, hiyo inakula bando na inaiibia nguvu renda yenyewe. Na vile viprogramu vya kuchezesha mausi mi sivitaki kabisa.

Maelezo haya ni ya Windows, Mac nitaigusa mwishoni.

Hatua ya 1. Settings, System, Power, ile ya kulala ukiwa umechomeka chaja weka Never. Kioo kiache kizime chenyewe, kioo kuzima na mashine kulala ni vitu viwili. Ila usikizime kwa kubonyeza batani ya kuwashia, hapo mara nyingi unailaza mashine nzima.

Hatua ya 2. Wengi wanaishia hiyo ya kwanza, ndo maana wanarudi kulalamika. Usibahatishe, Windows inaandika kila kitu. Fungua Event Viewer, ndo daftari la matukio la Windows, ingia Windows Logs, kisha System, bonyeza Filter Current Log, kwenye kisanduku cha ID andika 41,42,105,506,1074 halafu tafuta ile saa renda ilipokatika.

Ukikuta 42 mashine ililala, na ukiifungua inakwambia sababu: System Idle maana yake muda wa kukaa bila kuguswa uliisha, Button or Lid maana yake kuna mtu kafunika au kabonyeza. Laptopu nyingi za siku hizi hazina usingizi ule wa zamani kwa hiyo badala ya 42 utaona 506, habari ni ileile. 1074 ni kuzimwa au kuristati kwa amri, na inamtaja aliyeamuru, mara nyingi apdeti. 41 ni mashine kufa ghafla bila kuaga: umeme, joto, au betri mbovu, na hapo setingi yoyote ya usingizi haitakusaidia.

Ya dogo ilikuwa hivi: 105, baada ya dakika kama kumi 42 System Idle. 105 ni kubadilika kwa chanzo cha umeme. Yaani umeme ulikatika, mashine ikahamia kwenye betri, na betri ina muda wake wa kulala tofauti kabisa na ule wa chaja, yeye alikuwa kabadili wa chaja tu. Umeme ukarudi, lakini mashine iliyolala haiamki kwa sababu umeme umerudi, basi ikakaa hivyo mpaka asubuhi.

Sasa usikimbilie kuweka Never na kwenye betri. Renda inanyonya betri vibaya mno, umeme ukichelewa kurudi utaikuta imekauka. Mi naweka masaa mawili kwenye betri, halafu kwenye Control Panel, Power Options, mipangilio ya ndani kabisa, Critical battery action naweka Hibernate ili kilichokuwa kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) kiandikwe kwenye diski. Ukiiwasha renda inaweza kuendelea ilipoachia. Kama ulikuwa unapandisha video mtandaoni usitegemee hilo, muunganisho utakuwa umeshakatika.

Wa desktop: UPS, ile betri ya akiba ya nje. Hakuna njia nyingine.

Hatua ya 3. Mfuniko. Control Panel, Power Options, Choose what closing the lid does, weka Do nothing. Lakini ukweli mi naiacha wazi, juu ya meza, maana laptopu nyingi zinapumua upande wa kibodi na bawaba. Kitandani usithubutu.

Hatua ya 4. Windows Update, Pause. Active hours (masaa ambayo Windows haijiristati yenyewe) mwisho wake ni masaa 18 tu, renda ndefu inaweza kuyapita.

Hatua ya 5. Anzisha renda, fungua Command Prompt kama admin, andika `powercfg /requests`. Kama programu yako ya kuediti imetokea chini ya SYSTEM, yenyewe inaizuia mashine isilale. Imeandika None? Pakua PowerToys ya Microsoft, ni bure, washa Awake, kile kipengele chake cha kuzuia mashine isilale, uipe na muda. Ndo ninayotumia. Haizuii mfuniko lakini, kwa hiyo hatua ya 3 iko palepale.

Mac: fungua Terminal, andika `caffeinate -i`, acha dirisha lenyewe wazi, ukimaliza Control+C. Usifunike, ukifunika bila kioo cha nje inalala hata kama caffeinate inaendelea.