Diski ikishafomatiwa: nilivyookoa modi zangu na ninavyoziweka sasa

Jumamosi moja mwezi wa Aprili nilimwacha mpwa wangu wa miaka 13 nyumbani Manyatta, nikashuka Kibuye kutafuta kasha la diski. Niliporudi alinipokea mlangoni. "Anko, gemu ilikosa nafasi. Nikaiambia ifomati ile diski nyeusi."

Ile diski nyeusi ilikuwa na modi 412, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, za Euro Truck Simulator 2, mchezo wa kompyuta wa kuendesha malori, kama GB 90 hivi, na humo mabasi 31 niliyoyachora kwa mkono wangu. PS4, mashine ya gemu anayochezea mpwa wangu, inakubali diski ya nje iwe ghala la michezo yake, lakini kabla ya hapo huifuta yote. Huonya vizuri tu. Nani wa miaka 13 anasoma onyo?

Kwa asiyejua: nilikuwa makanga miaka sita barabara ya Kisumu–Kakamega, kuanzia Kondele hadi Chavakali na kuendelea. Siku hizi natengeneza simu, na usiku nachora nganya, yaani matatu za mapambo. Mchezo wenyewe umetoka kwa SCS Software wa Prague tangu 2012, na ramani yake ni ya Ulaya. Kwa hiyo basi langu lenye samaki ngege kwenye mlango na jiwe la Kit Mikayi kwenye kioo cha nyuma linapanda feri Calais kwenda Dover, bado limeandikwa "Kiboswa–Majengo–Mbale" kwenye paji la uso. Raha yake huielewi mpaka uwe umewahi kuning'inia mlangoni.

Kwanza nieleze kuokoa, maana ukisoma haya huenda tayari umeshaungua.

Usiguse kitu

Chomoa diski. Hapo hapo. Fomati ya haraka haifuti data yenyewe. Inafuta daftari linalosema data iko wapi. Modi zako bado zimelala pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mpwa wangu alikuwa ameshapakua gemu ya GB 40, kwa hiyo eneo hilo lilikuwa limekwenda na maji. Angeongeza nyingine mbili, nisingekuwa na la kuandika hapa.

Hii ni kwa diski za zamani zenye sahani inayozunguka. Kama ni SSD, yaani diski isiyo na sahani, matumaini ni madogo sana, kwa sababu kompyuta huiarifu ni nafasi zipi zimeachwa, nayo huzisafisha yenyewe kimyakimya. Na kama diski inatoa mlio wa tak-tak-tak, acha kabisa kuiwasha. Hiyo ni shida ya chuma, programu haitibu chuma. Kila ukiiwasha unazidi kuikwaruza.

Jambo la pili, na hili ndilo watu wengi hukosea: usifungue mchezo "kuangalia tu." Diski yangu ilikuwa na folda ya modi peke yake. Maendeleo yangu ya mchezo yalikuwa salama kwenye laptopu, ndani ya Documents, folda ya Euro Truck Simulator 2. Humo kuna faili inaitwa game.log.txt. Ukiifungua kwa Notepad utakuta orodha ya modi zote zilizowashwa mara ya mwisho ulipocheza, jina kwa jina. Ni kama ile karatasi ya majina ya abiria baada ya gari kuondoka. Lakini mchezo ukifunguliwa tena, faili hiyo inaandikwa upya, na safari hii itaandika kwamba modi hazipo. Nakili folda nzima kwanza: profiles, yaani maendeleo yako, steam_profiles kama unayo (ya wanaocheza kupitia Steam, duka la michezo la mtandaoni), na hiyo game.log.txt. Wengine walifungua mchezo, ukawauliza kama waendelee bila modi, wakakubali, ukahifadhi. Gereji ikabaki tupu.

PhotoRec, usiku kucha

Kuna programu mbili zinazokuja pamoja, TestDisk na PhotoRec, zote za Christophe Grenier na zote za bure. TestDisk hujaribu kurudisha lile daftari. Ianzie hiyo, kwa sababu ikifaulu unapata faili na majina yake. Kwangu iligundua sehemu ya zamani ya diski lakini orodha ya faili ilikuwa imevurugika, nikahamia PhotoRec.

PhotoRec haijali daftari. Inapita diski nzima ikitafuta faili kwa sura ya mwanzo wake, vile makanga anavyomtambua abiria wa Mbale kwa mzigo kabla hajasema anakokwenda. Isikutishe kwa kioo chake cheusi chenye maandishi. Ni mishale na Enter tu. Ukifika pale pa kuchagua aina za faili, zima zote halafu uwashe unazozihitaji. Mimi niliwasha zip, kwa sababu modi nyingi za .scs, faili za mchezo huu, ni zip (faili iliyofungashwa) iliyobadilishwa jina, na xcf, ambazo ni michoro ya GIMP, programu ninayochorea. Ukiacha kila kitu kimewashwa utaletewa maelfu ya vipande vya picha na sauti usivyojua vya nani.

Faili zinazookolewa ziende diski NYINGINE. Ukizirudisha kwenye ile ile unayoiokoa, unaandika juu ya unachokitafuta. Mimi niliazima diski kwa jirani, nikaiwasha saa mbili usiku, nikaomba stima isipotee, nikalala.

Asubuhi nilikuta zip 187. Zote hazina jina. Zinaitwa f0482816.zip, f1930240.zip, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hapa wengi hukata tamaa, na hapa ndipo kuna kazi tamu kidogo. Bonyeza kulia, ifungue kwa 7-Zip, programu ya kufungulia zip, bila kuitoa, utafute faili ndogo inayoitwa manifest.sii. Ifungue kwa Notepad. Ndani utaona display_name, yaani jina la modi, kisha author, kisha package_version. Nikaketi na chai ya tangawizi na ile orodha ya game.log.txt kando yangu, nikawa nabatiza moja moja. Namba f1930240 iligeuka kuwa taa za basi za usiku. Nilipiga kelele mpaka mpwa wangu akatoka jikoni.

Zilizoharibika 7-Zip itazisema yenyewe ukibonyeza Test. Zitupe, zitakuangushia mchezo njiani.

Zingine kama 120 nilizipakua upya kwa bando langu. Halafu kuna chanzo ambacho watu hukisahau: marafiki. Omera (ndugu) mmoja wa Nyalenda nilikuwa nimemtumia mabasi saba kwa WhatsApp mwaka uliopita, na hakuwa amefuta hata moja. Kabla hujalia, uliza kila mtu uliyewahi kumringia. Kwa michoro yangu 31, PhotoRec ilirudisha tisa, omera saba. Kumi na tano hazipo.

Bakapu ianze na kisichopakuliwa tena

Sasa upande wa kuhifadhi. Ushauri wa kawaida ni "nakili kila kitu." Mwenye bando la kuhesabu na diski moja hawezi kila kitu, na akishindwa hafanyi chochote. Mimi nimegawa mkusanyiko wangu mafungu matatu, na fungu linaamua matunzo.

La kwanza ni kazi yangu mwenyewe: faili za xcf zenye tabaka zote, siyo ile .dds, picha ya mwisho inayosomwa na mchezo, peke yake. Ukiwa na .dds tu, kubadilisha jina la ruti kwenye paji la uso ni kuchora upya. Fungu hili ni dogo, halifiki GB 3, na ndilo ghali kuliko yote. Humo naweka pia folda za profiles. Steam inaweza kukuhifadhia maendeleo yako kwenye wingu lake ukiyaruhusu, lakini folda yako ya modi haiihifadhi.

La pili ni modi ambazo mahali pake pa kupakua pamekufa, au mwenyewe ameziondoa. Unazijua, ni zile unazotafuta dakika arobaini halafu unapelekwa kwenye ukurasa wa matangazo. Hata zile za Workshop, ukumbi wa modi ndani ya Steam, zinaweza kuondolewa na mwenye nazo. Kwenye kompyuta yako zinakaa ndani ya folda ya Steam, steamapps\workshop\content\227300, kwa hiyo anayenakili Documents peke yake anaziacha nyuma.

La tatu ni zinazopatikana popote. Hizi weka orodha yake tu, na uandike toleo la mchezo zinaloendana nalo. Modi ya toleo la zamani ikiingia kwenye jipya inaweza kukuachia basi lisilo na magurudumu. Kila baada ya wiki mbili nanakili game.log.txt na kuipa jina la tarehe. Sekunde kumi.

Fungu la kwanza linakaa sehemu tatu. Kuna kanuni inayoitwa 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Kwangu ni laptopu, diski, na Google Drive. Google hukupa GB 15 za bure, ila zinagawanwa na barua pepe na picha zako, kwa hiyo GB 3 zinatosha na GB 90 hazitoshi. Napakia usiku kwa WiFi ya kazini kwa ruhusa ya mwenye duka.

Angalia hapa: folda inayojisawazisha na wingu siyo bakapu. Ukifuta kwenye laptopu, inafutwa kule pia, na pipa la taka la Drive huihifadhi siku 30 tu. Mimi huwa nafunga kila kitu kuwa faili moja yenye tarehe, napakia kwa mkono, na siiunganishi na folda yoyote.

Kwa diski natumia amri iliyomo ndani ya Windows yenyewe:

robocopy "C:\Users\JinaLako\Documents\Euro Truck Simulator 2" "E:\Bakapu\ETS2" /E

Weka jina lako na herufi ya diski yako. Kama Windows yako imehamishia Documents ndani ya OneDrive, wingu la Microsoft, njia itakuwa tofauti. Bonyeza kulia folda uone iko wapi hasa. /E inachukua folda na vilivyomo vyote, na ukirudia wiki ijayo inaruka ambavyo havijabadilika. Utawaona wanaoshauri /MIR. Hiyo hufanya nakala ifanane kabisa na asili, yaani kilichopotea kwenye asili nayo inakifuta kwenye nakala. Siku modi zako zikifutika na uendeshe /MIR bila kujua, umejizika kwa mikono miwili.

Flashi za mtaani

Usiweke bakapu kwenye flashi ya "TB 2" ya shilingi elfu moja. Nimezifungua nyingi kazini. Ndani kuna chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya. Inapokea faili zako zote kwa tabasamu, ikijaa inaandika juu ya za mwanzo. Hutajua mpaka siku ya kuhitaji. Kuna programu ya Wajerumani, H2testw, inaijaza flashi yote na kuisoma tena. Inachukua muda mrefu, iache ifanye kazi huku ukipika. Na kama flashi ni halali lakini imefomatiwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, haipokei faili moja inayozidi GB 4. Kuna ramani zinazozidi hapo. Tumia exFAT au NTFS.

Nakala ya nje ya nyumba naiweka kwa mama, Kiboswa. Nina diski mbili za laptopu kuukuu za GB 500 ndani ya makasha ya USB. Nikienda mwisho wa mwezi naacha moja na kuchukua nyingine. Yake inakaa kwenye mkebe wa biskuti pamoja na vyeti vya shule, na hairuhusiwi kuchomekwa mahali popote. Yangu nayo haikai imechomekwa: mvua ya alasiri ya Kisumu na radi zake ikikuta laptopu na bakapu kwenye soketi moja, inachukua zote.

Halafu jaribu kurudisha, mara moja kila miezi michache. Siyo kuangalia kama folda ipo. Kwenye kompyuta nyingine yenye mchezo, bandika profile na modi kutoka kwenye bakapu, fungua, uone mchezo unalalamika kuhusu nini. Nilifanya hivyo Jumamosi iliyopita kwa mashine ya mpwa wangu, yeye mwenyewe akibandika huku mimi nikimsomea. Ilituchukua dakika hamsini. Modi mbili hazikuonekana. Moja ilikuwa ya toleo la zamani, tukaiacha. Ya pili ilikuwa ni ile ya Kit Mikayi, .scs ipo lakini kioo cha nyuma ni cheupe, maana nilisahau kunakili folda moja ya picha. Jiwe nalichora upya wiki hii.