Butike ndogo Lubumbashi: hesabu mtaji wako kwa mifuko, usihesabu kwa noti

Butike ya vyakula Lubumbashi haihitaji jumba. Dirisha la nyumba Katuba, meza pembeni ya barabara Ruashi, kontena Kampemba: popote panapopita watu asubuhi na jioni panatosha kuanzia. Na zile zinazofungwa, nyingi hazifungwi kwa kukosa wateja, zinafungwa na hesabu. Mtu ananunua depo, yaani duka la jumla, kwa bei ya dola, anauza kwa franga, anaweka noti sandukuni, na baada ya miezi 3 rafu ziko wazi wakati daftari linasema amepata faida.

Mtaji wa kwanza

Tuseme una dola 300. Usizimalize zote depo siku ya kwanza. Dola 200 ziwe za mali, 40 za vyombo, na 60 zikae kando bila kuguswa mwezi mzima. Hizo 60 ndizo zitakazokuokoa bei ikipanda kabla hujauza, au mtoto akiugua.

Vyombo vya lazima ni vichache: mizani ndogo inayoonyesha gramu, meka ya kupimia unga, ndoo 3 zenye vifuniko, faneli ya mafuta, kufuli 2 na madaftari 2. Wengi wanaiona mizani ni anasa, wanaiacha wakanunue rangi ya ukuta. Nunua mizani kwanza.

Mali ya mwanzo isizidi vitu 10, na kila kimoja kiwe cha kuisha ndani ya wiki: unga wa bukari (ugali), mafuta ya kula, chumvi, sukari, sabuni ya kufulia, kiberiti, nyanya ya kopo, majani ya chai, makala (makaa ya kupikia). Kabla ya kununua, zunguka mtaani siku 3 ukiuliza mama wa kila nyumba ni kitu gani hufuata mbali. Kitu kikikaa rafuni wiki 3, kiuze kwa bei uliyonunulia, utoe franga zako humo, usirudi kukinunua.

Samaki tomson, wale wa barafu, na vinywaji baridi viache kwanza. Umeme wa SNEL ukikatika siku 2 wakati wa joto, katoni nzima ya samaki inaharibika, na hasara hiyo mtaji wa dola 200 hauibebi.

Unga

Unga ndio unaowaleta watu. Sukari na mafuta ndivyo vinavyoacha faida. Kwa hiyo usikose unga hata siku moja, hata kama faida yake ni ndogo. Mama akikuta huna unga, ataenda kwa jirani, na chumvi na sabuni atanunua huko huko.

Sehemu kubwa ya unga wa mji huu inaingia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na bei inafuata mambo mawili: mavuno na mpaka. Mahindi mapya yanaanza kuonekana karibu na Aprili na Mei, bei inalegea. Kuanzia Desemba hadi Machi bei inapanda. Mpaka wenyewe haukupi taarifa. Agosti 2024 Zambia ilifunga upande wake wa Kasumbalesa kwa siku chache kwa sababu ya ugomvi wa vinywaji, bia na soda, vitu visivyohusu unga hata kidogo, lakini lori za unga nazo zinapita mlango huo huo. Mwenye butike mwenye busara huwa na unga wa siku 10 mbele. Zaidi ya hapo, wakati wa mvua, unajitafutia ukungu na wadudu.

Weka mifuko juu ya mbao, sentimita 10 kutoka sakafuni, na uiache mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite. Mfuko unaogusa ukuta wenye unyevu unaganda upande mmoja, na hutaujua mpaka uufungue. Mfuko ulioingia kwanza utoke kwanza. Sabuni ikae rafu nyingine kabisa: unga unanywa harufu, na bukari yenye harufu ya sabuni haisahauliki mtaani.

Kadogo: gramu 4 zinazokula faida

Wateja wako wengi wananunua kadogo, yaani sashe ya sukari, kikombe cha mafuta, kipande cha sabuni. Hapo ndipo faida ilipo, na hapo hapo ndipo inapovuja.

Chukua mfuko wa sukari wa kilo 50. Tuseme depo ni franga 130,000, usafiri 2,000, sashe tupu 5,000. Jumla 137,000. Unapanga sashe za gramu 100, kwa hiyo unategemea 500. Ukiuza kila moja 300 utapata 150,000, faida 13,000. Sasa pima kijiko chako. Mkono wa binadamu unapenda kujaza, na kijiko cha "gramu 100" mara nyingi kinatoa 104. Kilo 50 ukizigawa kwa 104 unapata sashe 480. Mara 300 ni 144,000. Faida imekuwa 7,000. Gramu 4 tu, ambazo hakuna mteja aliyeziona wala kukushukuru kwazo, zimeondoka na karibu nusu ya faida.

Dawa yake: jaza sashe 10, ziweke zote pamoja kwenye mizani. Zikizidi gramu 1,000, punguza kijiko, upime tena mpaka mkono uzoee. Rudia kila unapofungua mfuko mpya, na kila anapofunga sashe mtu mwingine, kwa sababu kila mkono una uzito wake. Usipunguze chini ya 100 pia. Watu wanalinganisha, na jina la mwizi wa vipimo haliondoki mtaani.

Kwa unga, swali ni kilima juu ya meka. Mama hakubali meka iliyopanguswa kwa kijiti, anataka kilima, na juu yake matabishi, yaani nyongeza ya bure. Usibishane naye. Ila pima meka yenye kilima pamoja na lile konzi la matabishi, ujue ni kilo ngapi hasa, kisha gawanya uzito wa mfuko mzima kwa hiyo. Bei yako itoke hapo. Kosa ni kupanga bei kwa meka iliyopanguswa halafu kuuza yenye kilima.

Dola na franga

Soma sehemu hii mara mbili.

Mfuko wa unga, tuseme, ni dola 20 depo. Siku unayonunua, dola ni franga 2,800, umelipa 56,000. Unaongeza asilimia 10, ukiuuza wote unapata 61,600. Daftari linaonyesha faida ya 5,600. Lakini mfuko umeisha baada ya wiki 3, na dola imefika 3,100. Depo bado wanataka dola 20, yaani 62,000. Mkononi una 61,600. Umefanya kazi wiki 3 na huwezi hata kurudisha mfuko uliouza. Umepungukiwa franga 400. Na kama zile 5,600 ulishakula kwa sababu daftari limekuambia ni faida, umekula mfuko wenyewe.

Kwa hiyo jiulize hivi kila mara: mfuko niliouza unanunua mfuko mmoja na nini juu yake? Kinachobaki juu ya mfuko mpya ndicho faida.

Kutoka hapo kuna kanuni tatu za kila siku. Franga za sandukuni zikifika bei ya mfuko mmoja, nunua mfuko siku hiyo au kesho asubuhi. Usingoje zifike mifuko mitano. Kama huwezi kwenda depo, badilisha kuwa dola, au ziweke kwenye upande wa dola wa akaunti yako ya simu, kwa maana M-Pesa na wenzake hapa wana upande wa dola na upande wa franga. Makato ya kutoa yaingize kwenye bei kama usafiri. Na ukiwa na simu au unatuma mtoto, uliza bei ya depo kila asubuhi kabla ya kufungua. Ndiyo inayopanga bei yako, kuliko kiwango cha wabadilishaji wa barabarani.

Dola ikishuka, watu wengi wanafanya kosa la upande wa pili. Tuseme imeshuka hadi 2,500 na depo nao wameshusha mfuko hadi 50,000. Jirani aliyenunua leo anauza 55,000. Wewe ulinunua 56,000, unaona uchungu, unashikilia bei ya juu, na wateja wanahama. Shusha nawe. Hizo 55,000 zinanunua mfuko mpya na kubakiza 5,000. Ila hakikisha depo wameshusha kweli kabla hujashusha, maana depo hupandisha kwa siku moja na kushusha kwa wiki nyingi.

Noti ya dola ichunguze mwangani mbele ya aliyeileta. Mpasuko hata wa milimita chache, wino, kona iliyokatika: depo watakurudishia, na wabadilishaji wataichukua kwa bei ya chini. Na sandukuni usikose noti ndogo za franga. Mteja mwenye 10,000 anayetaka sashe ya 300 ataondoka kama huna chenji, au atakuomba "utaniandikia", na chenji ikigeuka deni, siku moja mtagombana.

Malipo ya simu: usitoe mali kwa kuona ujumbe peke yake. Fungua menyu, angalia salio lako. Ujumbe wa uongo unafanana sana na wa kweli, hasa jioni wakati foleni ni ndefu.

Deni

"Mama, uniandikie tu meka mbili, papa analipwa mwisho wa mwezi." Utasikia hili kila siku, na mara nyingi ni kweli. Ukikataa wote, mtaa utakukimbia. Ukikubali wote, depo utaenda mikono mitupu. Weka mpaka: madeni yote pamoja yasizidi sehemu moja ya kumi ya mali yako. Kwa mali ya dola 200 ni dola 20, ukizifikia hakuna kuandika mpaka mmoja alipe. Andika kitu na kiasi, si franga tu: "meka 2 za unga". Mpeane maneno tangu mwanzo kwamba atalipa kwa bei ya siku ya kulipa. Atakayelalamika leo ni afadhali kuliko atakayelipa baada ya wiki 6 kwa franga zisizofika meka moja na nusu.

Likelemba, ule mchango wa kupeana zamu kwa zamu, ni nzuri kwa kununua kitu kikubwa, friji au kontena. Mchango wake utoke kwenye faida ya wiki, usitoke kwenye franga za kununua unga.

Jumapili jioni

Funga mapema, hesabu kila kilichomo. Mali ihesabu kwa bei ya depo ya leo, katika dola. Mfano, kwa yule aliyeanza na dola 260 nje ya vyombo: mali 150, sandukuni franga 117,600 ambazo kwa 2,800 ni dola 42, akiba 60, simu 8, madeni ya watu wanaolipa 12. Jumla 272. Toa 5 anazodaiwa na depo, inabaki 267. Ameongeza 7. Lakini wiki hiyo nyumba ilichukua unga, mafuta na sabuni vya dola 9, vilivyoandikwa. Butike imezaa 16, na sasa anajua nyumba inakula zaidi ya nusu. Asiyeandika cha nyumbani angedhani butike haina nguvu, akaifunga.

Karatasi

Kongo imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, na sheria hiyo inamtambua mfanyabiashara mdogo wa peke yake, entreprenant, anayejitangaza tu bila kuandikwa RCCM, daftari rasmi la wafanyabiashara. Badala yake anadaiwa kitu kimoja: kuandika siku kwa siku kilichoingia na kimetoka wapi, kilichotoka na kimekwenda wapi, akitenganisha malipo ya mkononi na malipo mengine. Anayenunua na kuuza anaongeza orodha ya manunuzi. Madaftari hayo yanatunzwa angalau miaka 5. Yaani yale madaftari 2 ya mwanzo ndiyo hayo hayo. Ukikua, Guichet Unique, ofisi ya serikali ya kuandikisha biashara, ndipo pa kuandikisha butike yako rasmi.

Patente (kodi ya biashara ndogo) na kodi za soko uliza kwenye ofisi ya komini yako, yaani wilaya yako ya mji, kabla ya kufungua, uingize kwenye bei. Kila anayekuja kudai, muombe barua yake ya kazi, lipa ukiona risiti, andika tarehe nyuma yake, iweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na nyingine. Mfuko huo ukae butikeni, usikae nyumbani: anayekuja kudai mara ya pili huja mchana, wakati wewe uko depo na mtoto ndiye anayeuza.