Dhamira bila kitenzi bado ni mada: somo la fasihi kutoka barazani Mikindani

Jioni tunapokaa barazani hapa Mikindani, Mtwara, kuna kosa moja linalorudi kuliko mengine yote. Namuuliza mwanafunzi: hadithi hii ina dhamira gani? Ananijibu, "Mapenzi." Wa pili, "Umaskini." Wa tatu, aliyekariri daftari la kaka yake, anaongeza, "Na matabaka." Majibu hayo yote yangeweza kutolewa kitabu kikiwa bado kimefungwa. Siwacheki. Mimi mwenyewe nilijibu hivyohivyo kidato cha nne, kurasa nne za fasili juu ya fasili, na mwalimu akanirudishia karatasi ina maneno mawili ya wino mwekundu: "Umetaja. Hujaonyesha." Iliniuma wiki nzima.

Kwa hiyo leo hatuanzi na fasili. Tunachukua kisa kifupi, tunakipitia hatua kwa hatua, na kila istilahi itakuja pale tutakapoihitaji. Kisa nimekitunga mwenyewe makusudi, ili asiwepo mtu mwenye notsi zake.

*Somoe aliamka kabla ya adhana. Akaokota korosho zilizodondoka usiku chini ya mkorosho wa marehemu mama yake mpaka kikapu kikajaa. Njiani akakutana na kaka yake.*

*"Hizo kaziandikishe ghalani kwa jina langu," kaka akasema. "Shamba ni la baba."*

*Somoe akatua kikapu, akakitazama. Kisha akajitwika tena, akampita.*

*Nyuma yao mkorosho ulikuwa umeinama kama bibi kizee anayetafuta sindano. Tawi lake moja lilikuwa limegusa chini siku nyingi, na pale lilipogusa limeotesha mizizi mipya.*

Hatua ya kwanza: soma mara mbili, kalamu ikiwa chini

Mara ya kwanza soma upate kisa tu. Mara ya pili soma kichokozi, ukiuliza: nani anataka nini, na nani anamzuia? Somoe anataka korosho za mti wa mama yake zihesabike kuwa zake. Kaka anataka jina liwe lake. Huo ndio mgogoro, na ni wa mtu na mtu. Ila upo na mwingine uliojificha, wa mtu na nafsi yake. Rudi pale Somoe alipotua kikapu akakitazama. Hakusema kitu. Wanafunzi wengi wanaruka hapo kwa sababu hakuna aliyefungua mdomo, na mimi naona ndipo hadithi nzima ilipo.

Ukishaupata mgogoro, umeshika mkia wa dhamira. Usiuachie.

Hatua ya pili: toka kwenye mada uende kwenye dhamira

Hapa tukae kidogo, maana ndipo alama zinapopotelea.

Mada ni jambo linalozungumziwa. Katika kisa chetu mada ni urithi, au nafasi ya mwanamke, au jasho na malipo yake. Dhamira ni kile mwandishi anachokisema *kuhusu* jambo hilo. Kipimo changu ni chepesi: dhamira yako iandike katika sentensi yenye kitenzi. Ikikosa kitenzi, bado uko kwenye mada. "Urithi" ni mada. "Mwenye kufanya kazi ya shamba hunyimwa jina la shamba" ni dhamira, kwa sababu sasa mtu anaweza kubishana nawe na utalazimika kurudi kwenye kisa kujitetea.

Ujumbe ni funzo ambalo msomaji anaondoka nalo: kwa mfano, haki ya mtu haiondoki kwa sababu mwenzake amepaza sauti zaidi. Msimamo ni upande anaousimamia mwandishi. Kisa kimemwacha kaka njiani kikaondoka na Somoe, kwa hiyo upande unaonekana. Falsafa ni imani ya mwandishi juu ya maisha kwa jumla, na kwa kisa cha mistari kumi nakushauri uiache. Soma kazi zake mbili tatu kwanza.

Najua mtaniambia kwamba kwenye vitabu vya kiada dhamira huandikwa "Ukombozi wa mwanamke" au "Rushwa", na kitenzi hakipo. Ni kweli, na kama kichwa cha hoja haina ubaya. Ubaya ni kuishia hapo. Weka kichwa, halafu sentensi yenye kitenzi, halafu ushahidi.

Hatua ya tatu: fani, na ugomvi wangu na ganda la korosho

Tulifundishwa kwamba fani, yaani ufundi wa kusema, ni kikombe, na maudhui, yaani yale yanayosemwa, ni chai. Huku kwetu wapo waliougeuza mfano huo: fani ni ganda la korosho, maudhui ni kiini. Mfano mtamu, lakini aliyewahi kubangua anajua mwisho wa ganda. Lina mafuta yanayounguza vidole, ukishapata kiini unalitupa. Fani hutupi. Hebu ondoa lile tawi lililoota mizizi uone kinachobaki: ndugu wawili wanagombea kikapu, kesi ya kupeleka kwa balozi. Tawi ndilo linalotuambia kwamba mama bado yumo shambani. Wako wahakiki wanaosema fani na maudhui ni kama pande mbili za sarafu moja, na mimi nimekaa kwao.

Vipengele vya fani ni vitano: wahusika, mandhari, muundo, mtindo na matumizi ya lugha. Si lazima vyote viwe na uzito sawa katika kila kazi. Muundo wa kisa chetu ni wa moja kwa moja, yaani msago, asubuhi inaanza na tukio linafuata. Sentensi moja inatosha, songa mbele. Kingeanza na Somoe ghalani halafu kikaturudisha alfajiri, tungesema ni rejea. Mtindo: masimulizi ya nafsi ya tatu, na kauli ya kaka peke yake. Hilo la kauli lina maana. Mwenye sauti ni mmoja, mwenye kikapu ni mwingine.

Matumizi ya lugha ndipo pa kuchimba. "Kama bibi kizee anayetafuta sindano" ni tashibiha, kwa sababu kuna neno la kulinganishia, *kama*. Ningeandika "mkorosho ule ni bibi kizee", ingekuwa sitiari. Ningeandika "mkorosho ulimwonea huruma Somoe", ingekuwa tashihisi, kwani mti umepewa moyo wa mtu. Na lile tawi? Halikulinganishwa na chochote, lipo tu limeota mizizi. Hiyo ni ishara: kitu cha kawaida kilichobeba maana ya pili bila kuitangaza. Tena si uzushi wa mtunzi. Tawi la mkorosho likilala chini muda mrefu huweza kuotesha mizizi kweli, na ishara nzuri huanza kwa kuwa kitu cha kweli.

Tahadhari moja: ukitaja tamathali, yaani lugha ya picha kama hizo, sema inafanya kazi gani. "Ametumia tashibiha" ni sawa na kusema mpishi ametumia chumvi.

Hatua ya nne: jua utanzu wake

Utanzu maana yake ya asili ni tawi. Fasihi ni mti, tanzu ni matawi, vipera ni vitawi vilivyotoka humo. Fasihi andishi ina riwaya, hadithi fupi, tamthiliya na ushairi. Fasihi simulizi ina hadithi, semi, ushairi na sanaa za maonyesho. Chini ya semi utakuta methali, vitendawili, nahau, misimu na mafumbo. Hizo mnazijua, sitazirudia.

Vinavyochanganya ni vipera vya hadithi, hasa visasili, visakale na tarihi. Mifano ya kusini inavitenganisha vizuri. Wamakonde husimulia kwamba mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, nayo ikageuka mwanamke. Watoto wao waliozaliwa karibu na mto wakafa, aliyezaliwa juu uwandani akaishi. Hiyo ni kisasili, inaeleza asili ya watu na sababu ya kuishi mahali fulani. Sasa nenda Umatumbi, wilaya ya Kilwa, ambako vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905. Ukisema Kinjikitile wa Ngarambe alitangaza dawa ya maji na Wajerumani wakamnyonga Agosti mwaka huohuo, umetoa tarihi: matukio na tarehe zake. Babu akikusimulia jinsi Kinjikitile alivyozama mtoni akatoka kesho yake nguo zikiwa kavu, umeingia kwenye kisakale: mtu aliyekuwepo, amevishwa makuu.

Halafu akaja Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini, akaandika tamthiliya ya *Kinjeketile* iliyotoka mwaka 1969. Tazama jina kwa makini. Wa historia ni Kinjikitile, wa jukwaani ni Kinjeketile. Mwandishi mwenyewe alieleza kwamba mtu wake ni wa kubuni, asichukuliwe kuwa yuleyule wa historia. Anayejibu swali la tamthiliya hiyo kwa kusimulia vita kama alivyofundishwa darasa la historia amejibu mtihani wa somo jingine.

Hatua ya tano: andika aya moja

Hivi ndivyo ningeijibu mimi: "Mwandishi anaonyesha kwamba mwenye kufanya kazi ya shamba hunyimwa jina la shamba. Somoe ndiye anayeamka kabla ya adhana na kuokota korosho, lakini kaka yake anamwamuru aziandikishe 'kwa jina langu'. Mwandishi anampa kaka maneno na Somoe anampa vitendo: anatua kikapu, anajitwika tena, anapita. Ishara ya tawi lililoota mizizi inaonyesha kwamba haki iliyoinamishwa bado haijafa." Sentensi nne, dhamira na fani zimekaa chumba kimoja. Swali likitaka hoja tatu, andika aya tatu za namna hii.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni wa Newala. Kwetu tangu zamani ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Sasa huyo kaka anayesema "shamba ni la baba" amepata wapi nguvu?*

Marahaba. Swali lako limenifanya nisome upya kisa changu mwenyewe. Huo ndio muktadha, yaani mila na wakati vinavyoizunguka kazi. Ni kweli, Wamakonde, Wamwera na Wayao kwa mila ni watu wa ukoo wa mama. Msomaji asiyejua hilo ataona mila ya zamani inamkandamiza Somoe. Wewe unaona kinyume: kaka ndiye aliyeleta desturi ngeni, kwa kuwa korosho sasa ni fedha. Dhamira yako ni kali kuliko yangu. Iandike, uitetee.

*Ngoma zetu za Kimakonde, mapiko na sindimba, niziweke wapi? Mna nyimbo, mna ngoma, mna kinyago.*

Weka kwenye sanaa za maonyesho, kwa sababu pana mtendaji, uwanja, watazamaji na tendo. Lipiko aliyevaa kinyago ni mhusika kabisa. Nyimbo zilizomo ukizitoa ukazihakiki peke yake, hapo unashughulika na ushairi simulizi. Utanzu mmoja kubeba mwingine mgongoni si kosa.

*Mimi ni mama, nina kijana kidato cha pili Masasi. Mizani ya shairi inamshinda. Anahesabu herufi.*

Mwambie ahesabu mapigo ya sauti, mama. Ampigie meza: "M-twa-ra na Li-ndi kwe-tu." Ni nane. Ile *m* ya Mtwara ina pigo lake, lakini *nd* ya Lindi imeungana na irabu yake. Aongeze "ko-ro-sho i-me-sha-i-va", nane nyingine. Umepata mshororo, yaani mstari wa shairi, wa mizani kumi na sita: kina (silabi ya mwisho wa kipande) cha kati ni *tu*, cha mwisho ni *va*. Kipande cha kwanza kinaitwa ukwapi, cha pili utao. Akiweza huo, atunge wa pili wenye vina hivyohivyo. Kutunga kunafundisha haraka kuliko kukariri.

*"Bei ya korosho imepanda" si tashihisi? Bei haina miguu.*

Asili yake ni lugha ya picha, ila imetumika hadi imechakaa, hakuna anayeiona bei ikipanda ngazi. Tunaita sitiari mfu. Usiiokote kwenye kitabu ukaiandika kama ufundi wa mwandishi. Lakini muuza ming'oko pale stendi aliyeniambia juzi, "Bei imepanda mnazi, nayo kushuka inaogopa," ameifufua. Hiyo nakupa alama.

*Mwalimu, mwishowe Somoe aliandikisha kwa jina la nani?*

Kisa kimeishia alipopita, na kukuacha na hamu namna hiyo kunaitwa taharuki. Barazani waligawanyika. Vijana walisema kwa jina lake mwenyewe, asubuhi hiyohiyo. Mzee mmoja akasema angepitia kwa mjomba kwanza. Bibi mmoja, ambaye hajawahi kukaa darasa la fasihi, akasema angeandikisha kwa jina la marehemu mama. Tukamwambia karani hawezi kukubali jina la maiti. Akajibu, "Basi karani huyo hajauona ule mti."