Jinsi ya kulinganisha maisha ya Uganda na Kenya kabla hujafunga mizigo

Nakaa Busia, upande wa Uganda, na kazi yangu ni kubadilisha fedha. Kutwa nzima nashika shilingi za nchi mbili, na swali ninaloulizwa sana, kuliko hata bei ya dola, ni hili: maisha mazuri yako wapi, huku au ng'ambo? Anauliza kijana aliyepata kazi Nairobi, anauliza Mkenya anayetaka kufungua duka Mbale, anauliza mama anayewatafutia watoto shule, na siku hizi anauliza hata anayetaka kutembea tu akaone wanyama. Majibu wanayopewa stendi ni mawili: "Uganda kila kitu rahisi" na "Kenya ndiko kuna hela." Kwa maneno hayo mtu anauza ng'ombe na kuhama. Inaniuma, maana hesabu yenyewe haihitaji msomi. Inataka karatasi, kalamu na jioni moja yenye utulivu.

Kwanza, acha kulinganisha nchi. Linganisha mji na mji, kwa mtu mmoja mwenye kazi moja. Nairobi si Kenya, na Kampala si Uganda. Busia yetu na Busia ya Kenya zinatenganishwa na geti tu, tena tangu 2018 zina kituo cha pamoja cha mpakani, na bei zake zinakaribiana kuliko bei za Busia ya Kenya na za Nairobi. Kwa hiyo juu kabisa ya karatasi andika: nani anahama, anatoka mji gani, anakwenda mji gani, atafanya kazi gani, na wangapi wanamtegemea. Pasipo mstari huo, namba zote zitakazofuata zitakuwa hazina mwenyewe.

Halafu kiwango cha kubadilisha. Mwaka 2025 shilingi moja ya Kenya ilikuwa inazunguka 28 za Uganda, na hapa nitatumia 28 ili hesabu ifuatike. Lakini usichukue kiwango ulichokiona kwenye simu ukadhani ndicho utakachopewa. Kila mbadilishaji ana bei ya kununua na bei ya kuuza. Uliza hivi: "Nikikupa elfu kumi ya Kenya sasa hivi, unanipa ngapi mkononi?" Hiyo ndiyo bei yako. Ukitumiwa pesa kwa simu, ondoa ada ya kutuma, na ukitolea upande wa Uganda ondoa pia kodi ya asilimia 0.5.

Sasa mshahara, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mtoto wa dada yangu ni fundi wa mitambo ya baridi. Alikuwa Jinja analipwa 900,000 kwa mwezi, akaitwa Nairobi kwa shilingi 45,000 za Kenya. Akaja mbio: "Mama mdogo, hiyo ni milioni moja na laki mbili na sitini elfu! Naondoka." Nikamwambia aketi, tuandike.

Kwa viwango vya 2025, Kenya wanakata mfuko wa uzeeni asilimia 6, bima ya afya asilimia 2.75, tozo ya nyumba asilimia 1.5, halafu kodi ya mapato. Katika 45,000 zake zikabaki kama 35,900, yaani karibu 1,005,000 za kwetu. Uganda nako wanakata: asilimia 5 ya NSSF, yaani mfuko wa uzeeni wa huku, na kodi ya mapato ambayo haigusi 235,000 za kwanza, lakini ikishavuka 410,000 inachukua asilimia 30 ya kinachozidi. Katika 900,000 zake alikuwa anapata 683,000. Pengo likashuka kutoka 360,000 hadi 322,000 kabla hajanunua hata kiberiti.

Tukashuka kwenye matumizi. Nairobi chumba chenye choo ndani alikuwa ameonyeshwa cha 10,000. Matatu 200 kwenda na kurudi, siku 26, ni 5,200. Chakula tukakadiria 12,000, na mtu asiyepika hatoboi kwa hizo. Jumla 27,200, zinabaki 8,700 za Kenya, sawa na 243,600 za Uganda. Jinja alikuwa analipa chumba 150,000, kazini anakwenda kwa baiskeli, chakula 220,000, anabaki na 313,000. Mshahara mkubwa ulikuwa unamwachia kidogo.

Hata hivyo alikwenda Nairobi, na mimi mwenyewe ndiye niliyemtia moyo. Ile kazi ilikuwa ya vyumba vya baridi vinavyohifadhi maua ya kwenda Ulaya, mitambo ambayo Jinja asingeikuta, na Kenya biashara ya maua ni kubwa kwelikweli. Kwa hiyo chini ya hesabu ya fedha acha nafasi ya mstari mmoja: kazi hii itanifundisha nini ambacho pale nilipo sitakipata? Kama huna jibu, rudi kwenye kile kinachobaki mfukoni.

Kikapu cha chakula kina mitego yake. Andika vitu kumi unavyotumia wewe, si vile vya watalii: unga, mchele, maharagwe, mafuta, sukari, maziwa, mkaa au gesi, sabuni, nauli, muda wa maongezi. Halafu hakikisha kipimo ni kimoja. Ng'ambo sokoni utapimiwa mahindi na maharagwe kwa gorogoro, ule mkebe ambao ukijaa mahindi unazidi kilo mbili kidogo. Huku muuzaji anaweka kwenye mizani kwa kilo. Nimeona mtu anabisha kwamba maharagwe ya Kenya ni ghali maradufu, kumbe analinganisha gorogoro na kilo. Matoke ndiyo magumu zaidi, maana mkungu hauna uzito maalumu: mmoja unabebwa na mtoto, mwingine unahitaji boda. Omba upimiwe, au hesabu vichane. Na nunua, usiulize tu. Bei ya kuuliza na bei ya kulipa haziwi sawa, hasa wakisikia lafudhi yako ni ya mgeni.

Kwenye kodi ya nyumba, uliza mambo mawili yasiyoandikwa kwenye tangazo. Kampala wenye nyumba wengi wanataka miezi mitatu mbele. Nairobi kwa kawaida ni mwezi mmoja na amana ya mwezi mwingine. Anayehama na fedha kidogo hilo linamgusa kuliko kodi yenyewe. La pili ni mita ya umeme: je, ni yako peke yako? Uganda ina umeme mwingi wa maji, na bwawa la Karuma la megawati 600 lilizinduliwa Septemba 2024, lakini takriban nusu tu ya Waganda wana umeme nyumbani, wakati Kenya ni karibu robo tatu. Umeme kupita juu ya paa lako haina maana kwamba utawasha taa.

Takwimu kubwa za uchumi zisome, ila kila moja ijibu swali lake. Benki ya Dunia ilipiga hesabu ya pato la mwaka 2023 kwa kila mtu: Kenya kama dola 1,950, Uganda kama dola 1,000. Hiyo inakwambia ukubwa wa soko, na ndiyo sababu muuza samani anauza zaidi ng'ambo. Haikwambii unachoweka wewe mfukoni. Kipimo cha maendeleo ya binadamu cha Umoja wa Mataifa kwa mwaka huohuo kiliipa Kenya 0.628 na Uganda 0.582, lakini ukifungua ndani yake utakuta jambo ambalo watu hawaliamini nikiwaambia: umri wa kuishi Uganda ni kama miaka 68, Kenya karibu 64. Nchi yenye kipato kidogo imepita kwenye umri. Kwa hiyo anayekuonyesha namba moja na kukwambia imemaliza ubishi, mwombe ya pili.

Anayekuja kwa biashara atazame pia njia ya mzigo. Uganda haina bahari; mafuta yetu mengi yanapitia Kenya, na mwanzoni mwa 2008, vurugu za uchaguzi zilipofunga barabara kule, vituo vya mafuta vya huku vilikauka. Mkulima naye ana hatari ya upande wake: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, kisha baada ya siku chache ikafungua kwa masharti ya vyeti. Jumuiya ya Afrika Mashariki tunayo, soko la pamoja limeanza 2010, lakini ukipanga biashara ya kuvuka mpaka weka akiba ya kuishi angalau mwezi mzima, iwapo mpaka utafungwa kwa bidhaa yako. Hili nalisisitiza kuliko lolote hapa.

Mfanyakazi wa kima cha chini, wewe soma hapa. Kenya ina viwango vya mshahara vinavyotangazwa kulingana na mji na kazi, na Novemba 2024 vilipandishwa asilimia 6. Uganda kima kilichopo kisheria ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa 1984. Maana yake ukija kufanya kazi huku, kinga yako ni mkataba. Udai kwa maandishi kabla hujaanza siku ya kwanza.

Shule na hospitali sitakaa sana. Msingi bure ulianza Uganda 1997 na Kenya 2003, na pande zote mbili mzazi bado anatoa sare, chakula na michango. Nenda shuleni uulize jumla ya muhula, usikubali kutajiwa karo peke yake. Uganda ada za hospitali za serikali zilifutwa 2001, ila dawa mara nyingi utatumwa ukanunue dukani. Kenya tangu Oktoba 2024 wamehamia mfumo mpya wa bima ya afya, na usipojiandikisha unalipa mwenyewe.

Kwa anayekwenda kutembea, hesabu inabadilika kabisa, kwa sababu bei inategemea pasipoti. Kibali cha kuona sokwe wa milimani (gorila) huko Bwindi au Mgahinga, hifadhi za Uganda, tangu Julai 2024, mgeni wa nje analipa dola 800. Raia wa Afrika Mashariki analipa shilingi 300,000 za Uganda. Tafadhali isomeni tena hiyo, ndugu zangu. Watu wanaruka bahari kuja kuona sokwe ambao sisi tunaweza kuwaona kwa bei ya mbuzi. Maasai Mara nako mgeni wa nje analipa dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba, msimu ambao nyumbu wanavuka mto, na nusu yake miezi sita ya mwanzo wa mwaka.

Kwa hiyo usilinganishe viingilio tu. Chukua gharama yote ya safari, gawa kwa siku ulizokuwa unaona kitu, si siku ulizokuwa barabarani. Bwindi kutoka Kampala ni siku nzima ya kwenda na siku nzima ya kurudi kwa saa moja na sokwe. Murchison na Jinja ni karibu zaidi. Pwani ya Kenya, Mombasa na hasa Lamu, inamfaa anayetaka kukaa, kutembea vichochoroni kwa miguu na kula samaki. Hapo siku moja haikuchoshi wala haikugharimu kiingilio. Mimi ningempeleka mgeni wa mara ya kwanza Bwindi, na mgeni aliyechoka Lamu.

Raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Mgeni wa nje anayetaka nchi zote tatu achukue viza moja ya dola 100, ya siku 90. Na kibali cha sokwe kitafutwe mapema, hasa cha Juni hadi Septemba; kilipie kwanza, upate tarehe, ndipo ukate tiketi ya basi.