Daftari la safu tatu: kudai haki baada ya ajali ya gari

Nikiitwa kwenye kikao cha suluhu, simruhusu mtu kutaja kiasi mpaka nimeligawa daftari safu tatu: kafara, dia, hasara. Dereva akilipa moja hudhani kamaliza zote.

Kafara ni baina ya dereva na Mola wake. Aliyeua kwa kukosea, aya ya 92 ya Sura An-Nisaa inamtaka aache huru mtumwa. Asiyempata, na leo ndiyo hali yetu sote, afunge miezi miwili mfululizo. Bima haimfungii mtu.

Dia, yaani fidia ya damu, ni ya warithi wa aliyekufa. Kiwango cha asili ni ngamia 100 au dinari 1,000 za dhahabu, kama kilo 4.25 hivi. Katika kuua kwa bahati mbaya mzigo huo hubebwa na akila, yaani wanaume wa ukoo wa baba, kwa miaka mitatu. Ikilipwa ni mirathi: madeni ya marehemu kwanza, kisha mafungu. Msimkabidhi kaka mkubwa bahasha yote.

Majeruhi naye ana hesabu yake. Kijana mmoja aliuweka mkono wake mezani: gumba limeondoka lote, kidole cha shahada kimepungua pingili ya juu. Baba yake alitaka gumba lihesabiwe zaidi. Hapana, gumba na kidole cha mwisho ni sawa, ngamia 10 kila kimoja. Pingili ya shahada ni theluthi ya hapo, kwa hiyo ngamia 13 na theluthi. Jeraha lisilo na kiwango hukadiriwa na wajuzi.

Safu ya hasara ndiyo inayochosha. Mali iliyoharibika hulipwa na mkosaji mwenyewe, akila haiingii. Mahakama ya madai itakutaka uthibitishe uzembe, madhara, na kwamba la kwanza ndilo lililoleta la pili. Basi weka risiti za dawa, hati za mshahara na ripoti ya polisi pamoja tangu siku ya kwanza. Kama matibabu yanadaiwa juu ya dia au yamo ndani yake, wanazuoni wamehitilafiana. Muulizeni mufti mapema.

Nani alipe? Majalla, kitabu cha sheria za Kiislamu za madai cha dola ya Waothmani, inasema aliyetenda kwa mkono wake hulipa hata kama hakukusudia, na msababishaji hulipa akiwa tu amevuka mpaka, kama aliyeacha tela gizani bila taa. Wakikosea wote, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua mwaka 1993 kwamba kila mmoja abebe kwa kadiri ya kosa lake.

Karatasi ya "tumesamehe" msiisaini kandambili zikiwa bado na udongo wa kaburi. Inaweza kuwafungia mlango wa mahakama. Na mjane ana ruhusa ya kusamehe fungu lake. La mwanawe mdogo hana.