Nguo za mazingaombwe ya nje

Ukifanya mazingaombwe nje, fikiria upepo kabla ya rangi ya nguo. Koti jepesi lisilofungwa vifungo hupeperuka, na aliyesimama pembeni anauona mfuko wa ndani unaoutegemea. Shonea kitu kizito kwenye pindo, au vaa kizibao kinachokaa mwilini. Jua nalo likiwa nyuma yako, shati jeupe jepesi huonyesha kila kilicho chini yake, hata leso uliyoikunja vizuri. Napendelea pamba nzito kidogo, rangi moja iliyokolea, ili karata na sarafu zionekane hata na walio mbali. Miwani ya jua iache, maana watazamaji hufuata macho yako. Halafu fanya mazoezi na nguo hizohizo, palepale nje.