Hati ya uwakilishi ya ardhi Tanzania: ipi utoe na uifanyeje

Mama mdogo yuko Muscat, ana kiwanja chake Kigamboni akataka kukiuza, akamtumia mjomba karatasi nzuri tu yenye mhuri, imeandikwa "asimamie kiwanja changu na mali nyingine". Mnunuzi kapatikana, hela ipo, kufika ardhi wakagoma. Neno kuuza halimo, halafu namba ya kiwanja imeandikwa 14 badala ya 41. Ikabidi karatasi ianze upya huko Muscat, na mnunuzi hakusubiri. Naandika hii yasije yakakukuta.

Kwanza ujue unatoa nini. Pawa ofu atoni, yaani hati ya uwakilishi, unampa mtu afanye jambo kwa niaba yako na sheria inahesabu umefanya mwenyewe. Ya jumla inampa karibu kila kitu, akusanye kodi za nyumba, alipe bili, asaini mikataba. Ya maalum inataja jambo moja, likiisha na yenyewe imeisha. Halafu kuna isiyofutika, hii ni pale unayempa ana haki yake ndani ya hiyo mali, mfano kashakulipa bei yote ya kiwanja anasubiri uhamisho tu, kama hakuna kitu cha namna hiyo kati yenu usiisaini kabisa. Mimi nakushauri maalum, hata kama unampa ndugu wa tumbo moja.

Sasa kuandaa. Nenda kwa wakili, ila kabla hujamlipa tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama yuko hai kikazi. Mpelekee kopi ya hati ya kiwanja, vitambulisho vya NIDA na picha za paspoti za pande zote mbili. Majina yafanane herufi kwa herufi na yaliyo kwenye hati, na namba ya kiwanja, kitalu na eneo mzisome pamoja kwa sauti, msione aibu. Kila kitendo kitajwe: kuuza, kupokea malipo (au asipokee, hela iingie akaunti yako, hii naipenda zaidi), kusaini fomu za uhamisho. Kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenza wako inatakiwa pia, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo.

Saini mbele ya wakili, sio kuacha karatasi mezani ukaifuata kesho. Ukiwa nje ya nchi ongea na ubalozi wetu wakwambie utasainia wapi na orijino ije, picha ya WhatsApp haikusaidii kitu.

Ikishasainiwa inalipiwa ushuru wa stempu kisha inapelekwa kwa Msajili wa Hati, ofisi ya ardhi ya mkoa kiwanja kilipo. Malipo ni kwa kontroli namba, anayetaka umpe keshi mkononi achana naye.

Na hii wengi hawaijui kabisa. Hati ya jumla na ya maalum, aliyetoa akifariki zinakufa naye, akipoteza akili timamu hivyo hivyo. Nimeona watoto mzee kazikwa juzi wanatembeza karatasi yake kutafuta mnunuzi, jamani hiyo haina nguvu tena, hapo ni kufungua mirathi mahakamani ateuliwe msimamizi, ndo auze. Wewe mnunuzi pia, omba uongee na mwenye kiwanja kwa video umwone yu hai siku unayolipa.

Ukitaka kuifuta unaandika hati ya kufuta, unasaini mbele ya wakili vilevile, unaisajili palepale ilikosajiliwa ile ya kwanza. Mjulishe uliyempa kwa maandishi, wajulishe na benki, wapangaji, dalali, yeyote aliyekuwa anamtambua kwa niaba yako, na orijino aliyonayo airudishe mkononi mwako.